Beseni la Darasa la Pili

Mama unayesoma haya na mtoto wako amelala kando, tumbo limejaa, miguu imekonda, majirani wanauliza ana nini na wewe unajibu "malaria kidogo tu": mimi pia nilijibu hivyo. Nilijibu hivyo mwaka mzima na zaidi, na uongo huo nusura umzike binti yangu. Kwa hiyo sitakuhubiria. Mambo ya dawa waulize waganga wa hospitali. Mimi nitakueleza tu jinsi nilivyofungwa, na nani alinifunga.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili hapa Kindu, katika shule moja ya Mikelenge ambayo sitaitaja, maana waliobaki pale hawana kosa. Watoto wangu walikuwa hamsini na wawili. Nyuma yangu waliniita Mwalimu Makucha, wakidhani sisikii. Nilisikia, na moyoni nilifurahi. Kila asubuhi, bendera ikishapanda na nyimbo za chama zikishachezwa mpaka watu wanatoka jasho, nilipuliza filimbi na kuita, "Mikono!" Basi mikono mia moja na minne inanyooshwa mbele. "Geuza!" Inageuzwa. Mwenye uchafu kwenye makucha anatoka mstarini na kurudi kwao. Hakuna "pole mwalimu", hakuna "maji yalikosekana nyumbani". Anarudi.

Halafu kulikuwa na beseni. Lilikuwa beseni jeupe la bati lenye ua la bluu chini, nililitoa nyumbani kwangu mwenyewe. Maji tuliyachota kwenye chemchemi bondeni, na bidoni moja, lile dumu la maji, ilikuwa mzigo kwa shingo za watoto, kwa hiyo ilibidi bidoni moja itoshe. Kabla ya mapumziko, akina mama walipokuja uani na mihogo ya kuchemsha na karanga, darasa langu lote lilipita mbele ya beseni lile. Mimi nilichovya kwanza, ili waone mfano. Halafu wao: chovya, sugua, toa, mwingine. Madarasa mengine hayakuwa na kitu kama hicho. Siku mkaguzi alipokuja, alisimama mbele ya beseni, mikono nyuma, abakosi yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi, akasema, "Sitwayeni, walimu wote wangekuwa kama wewe, nchi hii ingekuwa mbali." Siku hizo hakukuwa na bwana wala madamu, sote tulikuwa masitwaye na masitwayeni, yaani raia. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Binti yangu Sauda alikuwa darasani mwangu, na kwake nilikuwa mkali mara mbili, mtu asije akasema mtoto wa mwalimu anapendelewa. Alikaa benchi la nyuma. Akinyoosha kidole, nilimpa nafasi wa mwisho. Alizoea. Mtoto huzoea kila kitu.

Sasa nifike kwa Masudi. Masudi alikuwa mtoto mpole, mwana wa mama mmoja anayeuza lengalenga, mchicha wa kwetu, sokoni. Siku moja aliomba ruhusa ya kwenda nje, nikamwambia angoje kengele. Hakuweza kungoja. Na kilichotoka kwenye kaptula yake hakikuwa choo tu. Kulikuwa na nyoka, mweupe, mrefu, bado anajikunja sakafuni. Hapa kwetu watu hawasemi minyoo, wanasema nyoka. Watoto walipanda juu ya mabenchi wakipiga makelele. Nami, badala ya kumfunika yule mtoto, nilimshika sikio nikamtoa nje mbele ya wenzake.

Kesho yake mama yake alikuja, kitenge kimefifia, viatu vya plastiki mkononi kwa sababu ya tope. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nakuja kuomba musamaha juu ya mutoto."

Nilimjibu chini ya bendera, shule nzima inasikia: "Mama, usafi unaanza nyumbani. Masudi atarudi siku utakayojua kuosha."

Hakunijibu vibaya. Aliniangalia mikono yangu, akasema, "Nimesikia, mwalimu," akamshika mwanawe wakaondoka. Masudi hakurudi tena. Kwenye orodha niliandika: ameacha.

Haikupita miezi miwili, Sauda akaanza.

Tuliishi katika kambi ya reli, nyumba za kupangana, ambako ukuta mmoja unatenga jiko lako na jiko la jirani, na ukikohoa unaambiwa pole kutoka upande wa pili. Baba Sauda ni fundi wa njia ya treni; akienda upande wa Kongolo anaweza kumaliza wiki sita huko. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Sauda, na mama mkwe wangu, Bibi Zaina. Bibi ni Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mji huu, mtu wa swala tano na birika lake la bati kando ya mkeka. Mdomo wake hauna pazia.

Mtoto alikula na hakushiba. Wali wa sahani mbili, na bado anakwangua sufuria. Mikono ilikonda, tumbo likatangulia. Nilimkuta akila pemba, ule udongo mweupe wanaouzia wajawazito sokoni. Usingizini alisaga meno. Nilijiambia ni kukua.

Halafu Ijumaa moja mchana, tuko kwenye mkeka, wali na samaki, Sauda akakohoa. Akakohoa tena, akashika koo, macho yakamtoka, na nyoka akatoka mdomoni mwake akaangukia kwenye wali.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama nikafunga dirisha. Kabla ya kumshika mtoto wangu, kabla ya kumfuta mdomo, nilifunga dirisha.

Bibi Zaina alikuwa ameshamkumbatia. "Unafunga dirisha juu ya nini?" akaniuliza. "Nyoka imetoka ndani ya mutoto. Haikupitia kwa dirisha."

"Mama, wasisikie huko."

"Wasisikie nini?"

"Mama, mimi ndiye mwalimu wa usafi."

"Aka!" alisema Bibi. "Basi mutoto afe, jina lako njo lipone? Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama Sauda. Sikutunga mimi."

Nilimsihi asiseme kitu. Akachukua birika lake, akamwosha mtoto mdomo.

Kwa dawa ya kwanza nilivuka mto. Hospitali ya mjini ilikuwa karibu, lakini pale wananijua. Nilimfunga Sauda mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, tukapanda mtumbwi mpaka ng'ambo ya Alunguli, kwenye zahanati moja ndogo. Tulikaa juu ya ubao tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Mbele yetu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa tumbo kama la Sauda, naye alikuwa anaeleza kila mtu, bila haya, nyoka ngapi zimetoka na za urefu gani, anapima kwa mkono. Nilimwonea wivu. Naapa, nilimwonea wivu mama yule.

Mwuguzi alifungua daftari. "Kazi ya mama?"

"Ninauza chumvi," nilisema.

Sauda akainua uso. "Mama, wewe si mwalimu?"

Nikamfinya paja. Mwuguzi akaandika chumvi. Alitupa chupa ya dawa ya maji, nzito na tamu, vijiko kadhaa kwa siku. Njiani kurudi, ndani ya mtumbwi, Sauda alinipa mgongo. Aliangalia maji tu. Alikuwa na miaka saba na alikuwa ameshajua kwamba ana kitu cha kufichwa.

Dawa ilifanya kazi. Siku tatu tulikaa na kopo la choo nyuma ya mlango, mimi nikifukia bustanini asubuhi mapema kabla majirani hawajaamka. Siku ya nne aliniambia, "Mama, tumbo imenyamaza." Nikalia kidogo. Likizo kubwa ikaingia, kiangazi, na mtoto akanona. Mashavu yakarudi. Akaruka kamba na wenzake mpaka nikamkemea kwa kelele. Niliona tumepona, nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Mwezi wa tisa shule ikafunguliwa, Sauda akarudia darasa la pili kwangu kwa sababu ya masomo aliyokosa, mvua zikaanza. Kabla mwezi wa kumi haujaisha, tumbo likarudi.

Hapo ndipo nilipogeuka mtu mbaya. Kama nyoka zimerudi, basi kuna mahali zinapotoka, na kama mimi ni msafi, basi mahali hapo si mimi. Nilifukuza kuku wa Bibi. Nilichemsha mashuka. Nilimkataza Sauda kucheza na watoto wa jirani, nikamfungia ndani baada ya masomo, akawa anaangalia wenzake kwa tundu la mlango. Na siku moja, Bibi akimfinyangia tonge la wali kama alivyomfinyangia tangu alipoota meno, nilisema, "Mama, hapana. Mikono yako."

Bibi aliitazama mikono yake. Ile mikono huoshwa mara tano kwa siku, maji ya birika yanatiririka mpaka kwenye viwiko. Aliiondoa kwenye sahani polepole. Tangu siku ile alikula peke yake, sahani yake ndogo, amegeukia ukuta. Sauda aliniuliza, "Bibi amefanya nini?" Nikamwambia amalize wali wake.

Baba Sauda aliporudi na treni, alisimama mlangoni na begi lake. "Nyumba gani hii, kila mutu na sahani yake?" Nilimweleza nusu. Alisema mtoto apelekwe Kailo kwa dada yake, akapumzike miezi michache, hewa ya shamba. Nikakataa. Nikasema masomo yatapotea. Tuligombana kwa kunong'ona, kwa ajili ya ule ukuta, na kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupiga kelele. Alipanda treni bila kuniaga vizuri. Ningemwacha aende Kailo, labda nisingekuwa na kitu cha kuandika.

Nilivuka mto tena. Dawa ya pili. "Chumvi inauzika, mama?" mwuguzi aliniuliza, na mimi nikasema inauzika.

Na nikwambie lingine, maana nimeamua kusema yote: mimi mwenyewe nilikuwa nazo. Niliona siku moja chooni. Nilikaa mule ndani muda mrefu, nimeshika ukuta. Sikwenda kwa mganga. Nilikunywa dawa ya mtoto wangu, vijiko viwili nyuma ya mlango, nikaongeza maji ndani ya chupa ili isionekane imepungua. Halafu nikavaa, nikaenda shuleni, nikapuliza filimbi. "Mikono!" Muhula ule nilirudisha nyumbani watoto wengi kuliko miaka yote. Kadiri nilivyoogopa, ndivyo nilivyokuwa mkali. Ningesema, ningechekwa na mji mzima. Nikinyamaza, mtoto anaisha mbele yangu. Sikuona njia ya tatu. Asubuhi nilikuwa nikisimama uani nimevaa gauni langu safi na nilihisi kama nimezikwa ndani yake.

Dawa ya tatu hatukuifikia kwa mtumbwi. Ilikuwa katikati ya mvua. Sauda aliamka na tumbo gumu, limevimba upande mmoja, ukiligusa anapiga yowe. Alitapika maji ya kijani. Hajaenda choo siku mbili. Mto ulikuwa umejaa, upepo unavuma, hakuna mwenye mtumbwi aliyekubali. Bibi alishachukua kitambaa chake cha kichwa. "Lopitali ya mujini," alisema. "Sasa hivi. Na utaingia na jina lako."

Niliingia na jina langu. Kwenye ukumbi wa kungojea watu walijaa mpaka ngazini. Mwuguzi mmoja, mnene, mwenye saa kifuani, alinitazama. "Si njo wewe Mwalimu Makucha? Mutoto wa dada yangu ulimurudisha nyumbani mara mbili." Watu waligeuka. Halafu akamwona Sauda mikononi mwangu, na uso wake ukabadilika. "Leta mutoto," alisema, na hakurudia tena habari ile. Mungu ambariki.

Walimwekea mpira puani na maji ya sindano mkononi. Hakuruhusiwa kula wala kunywa. Mwuguzi aliniambia waziwazi: nyoka zimejifunga pamoja ndani, zimeziba njia. Zikifunguka zenyewe, vizuri. Zisipofunguka, daktari atapasua. Na daktari alikuwa amekwenda upande wa Punia, na njia ya Punia wakati wa mvua kila mtu anaijua.

"Na asiporudi?" niliuliza.

"Tungoje, mama," alisema.

Tulingoja. Sauda alikuwa akiomba maji. "Mama, hata kijiko kimoja." Mama mmoja wa kitanda cha pili alinifundisha kulowesha kitambaa na kumpaka midomo, midomo tu. Mzee mmoja aliniachia nusu ya mkeka wake. Nilikaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mahali pa upana wa mtu mmoja, nikasikiliza lile tumbo. Lilikuwa kimya. Hakuna kitu kinachotisha kama tumbo la mtoto lililonyamaza.

Siku ya pili asubuhi, mlangoni akaingia mama mmoja na sufuria ya uji, anamletea mdogo wake aliyejifungua. Kitenge kilichofifia. Nyuma yake Masudi.

Nilivuta kitambaa mpaka puani. Bibi Zaina akakivuta chini. "Unajificha nani tena?"

"Ni yule mtoto niliyemfukuza, Mama. Yule wa nyoka."

Bibi alimtazama Masudi kuanzia miguu mpaka kichwa. Mtoto alikuwa na mashavu. Alikuwa na shingo. Kaptula ilikuwa inambana. "Huyu?" alisema Bibi, na sauti yake ya mdomo usio na pazia. "Huyu njo ulifukuza juu ya nyoka? Mbona amenona?" Akamwita mama yake. "Mwanangu, karibu hapa. Mutoto wako ulimupa dawa gani?"

Mama Masudi aliniona. Nilingoja acheke, alikuwa na haki. Alimwangalia Sauda, ule mpira puani, akaweka sufuria chini. "Dawa ya nyoka, mara moja," alisema. "Na mbegu za papai. Tangu atoke kwa masomo, hajaumwa tena."

"Tangu atoke kwa masomo," Bibi alirudia.

"Ndiyo, mama."

Bibi alisimama. Alifunga kitambaa chake, akatoka. Nilifikiri amekwenda kuswali.

Alirudi mchana, amelowa mpaka magotini, na kwapani amebeba beseni langu jeupe la ua la bluu. Maji yalikuwa bado yanadondoka. Kumbe alitembea mpaka Mikelenge, akasimama kwenye dirisha la darasa langu akamwona mwalimu aliyeshika nafasi yangu akiwapitisha watoto kwenye mstari, kisha akaingia na kulichukua mbele ya macho yao.

"Ulimwambia nini mwalimu?"

"Sikumwambia kitu. Nilikamata." Aliliweka juu ya miguu yangu. Chini, juu ya lile ua, kulikuwa na tope jembamba, la kijivu. "Mama Sauda. Watoto wote wanachovya humu?"

"Ndiyo."

"Maji hayabadilishwi?"

"Maji ni mbali, Mama."

"Na Sauda anachovya wa ngapi?"

Niligeuza uso. Mama Masudi, aliyebaki kumwuguza mdogo wake, alikuwa amesimama pale, na mwuguzi pia.

"Wa mwisho," nilisema.

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ni wangu."

Kila siku ya masomo, mikono ya wenzake wote, baada ya udongo na vyoo na kamasi, baada ya mikono yangu mwenyewe, halafu ya Sauda. Halafu muhogo. Niliona mstari mzima kwa macho yangu, na yeye kule mwisho, anangoja kwa utii, kwa sababu mama yake alitaka kusifiwa kwamba hapendelei.

Nilingoja Bibi apige kelele. Alikaa sakafuni karibu nami, bega kwa bega, pale penye upana wa mtu mmoja. "Hata maiti tunaimiminia maji," alisema polepole. "Hatuiweki ndani ya beseni."

Nililia kwa sauti, ukumbi mzima unasikia. Na nikwambie ukweli, ilikuwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka mzima nilipovuta pumzi mpaka mwisho.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tumbo la Sauda lilinguruma. Mwuguzi alikuja akaweka sikio, akatabasamu. Baadaye mtoto akasema, kwa haya, "Mama, nataka kopo." Sitaeleza kilichotoka. Ila chumba kizima kilipiga vigelegele kwa ajili ya choo cha mtoto mmoja, na yule mzee wa mkeka akasema Alhamdulillahi mara tatu. Daktari alifika jioni, tope mpaka kiunoni, akamgusa tumbo akasema hapasui mtu hapa. Walimpa Sauda kijiko kimoja cha maji. Alikishika mdomoni kwanza, hakukimeza haraka.

Dawa ya tatu tulikunywa sote wanne, Baba Sauda aliporudi, kwenye mkeka, dirisha wazi.

Nilipomwambia mkuu wa shule kwamba nitawaambia wazazi, alishika kichwa. "Sitwayeni, beseni lile limeandikwa kwenye ripoti ya mkaguzi. Badilisha kimya kimya. Nani atajua?" Alikuwa ananirudisha mule mule nilimotoka. Nikamwambia kimya kimya nimeshajaribu.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya watu wote, na wazazi walikuja kufyeka nyasi za shule. Nilifyeka nao. Tulipopumzika nilisimama, jembe mkononi, nikasema: Sauda wangu alikuwa na nyoka. Mimi pia nilikuwa nazo. Beseni langu lilizigawa, na watoto wenu wakapate dawa. Wengine walicheka. Mama mmoja alinitukana, na nilisimama nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha baba mmoja, seremala, akauliza basi tufanye nini, na Bibi Zaina, ambaye hakuna aliyemwita, akanyanyua birika lake juu. Ndivyo tulivyopata makopo ya maziwa yaliyotobolewa msumari chini, yananing'inia kwa kamba kwenye mti wa uani, maji yanamiminika na kuanguka, hayarudi. Bidoni ziliongezeka. Shingo za watoto zililalamika. Wazazi wakaanza kuzibeba kwa zamu.

Nisikudanganye: nyoka hazikuisha Kindu. Sauda amekunywa dawa mara nyingine tangu wakati ule, na sasa yuko darasa la sita. Lakini tumbo lile la kufunga halikurudi. Bibi anafinyanga matonge, na ananifinyangia mimi pia, kwa makusudi, kuona kama nitakataa.

Ila siku ile ya salongo nilikuwa na safari moja bado. Nilitoka shuleni moja kwa moja, na jasho langu, nikashuka mpaka kwa Mama Masudi, nyuma ya mashamba ya lengalenga. Nilimkuta anapakua ugali. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Ilipotea yote mlangoni.

"Mama Masudi, ninaomba Masudi arudi," nilisema. "Nilikukosea mbele ya watu. Na mbele ya watu nimesema, leo."

"Nimeambiwa," alisema. Alinionyesha kigoda. "Kaa. Tunakula." Alinyanyua kopo la maji, akaja mbele yangu. "Mikono."

Nilinyoosha mikono yangu. Akaigeuza. Aliangalia makucha, moja moja, bila haraka, na Masudi alikuwa anaangalia. Chini ya kidole gumba kulikuwa na udongo mweusi wa salongo. Aliuona. Nilimwona alivyouona.

Akainua kopo akanimiminia maji, mengi, mpaka udongo ukatoka. Hakuniambia nirudi nyumbani.